Uliza Sista: Sina kisukari, mbona wanataka kunipa dawa ya kisukari?

SWALI

Sista hujambo. Mimi nauza omena hapa Kibuye, Kisumu, nina miaka 46. Kuna watu wa afya walikuja sokoni wakatupima sukari bure, mimi sikuwa nimekula na nikapata 6.3, nikatumwa hosi nikapimwa ile ya miezi mitatu (HbA1c, inaonyesha sukari ilivyokuwa kwa wastani miezi mitatu iliyopita) ikatoka 6.1, wakaniambia sina kisukari ila niko njiani. Sasa watu wa utafiti wamenipigia, wanataka niingie kwa jaribio, wengine watapewa metformini, ile dawa ya kisukari, wengine kidonge hakina dawa ndani, na hakuna mtu atajua amepata gani. Mzee amekataa kabisa, anasema hao wanatafuta panya. Kwani mtu anapewaje dawa ya ugonjwa hana? Na kama ni mazoezi, mimi kila alfajiri natembea toka Manyatta na beseni kichwani.

*Mama Omena, Kisumu*

JIBU

Mama, sijambo, na asante kwa kuandika kabla ya kuweka sahihi mahali, wengi huniandikia wakishaweka.

Tuanze na hizo namba zako. Kabla ya kula, 7.0 kwenda juu ndio tunaita kisukari, na ile ya miezi mitatu ni 6.5 kwenda juu. Wewe uko chini ya hapo lakini umepita namba ya mtu mwenye afya. Si kila mtu wa hapo katikati hufika kwa kisukari, na hiyo ndio sababu ya kufanya majaribio, maana ukiwapa wote vidonge kuna wengi watameza miaka na miaka bure, na usipowapa kuna wale utawapoteza.

Hilo swali walishauliza Marekani kwa utafiti mkubwa uliotoka 2002, watu 3,234 wa hali kama yako, wakafuatwa karibu miaka mitatu. Kundi moja metformini miligramu 850 mara mbili kwa siku, kundi lingine kidonge kitupu, kundi la tatu hawakupewa kidonge, walifundishwa kula na kusonga mwili. Wa kidonge kitupu, kila mwaka kama 11 kwa kila 100 waliingia kwa kisukari. Metformini ilipunguza hiyo kwa 31%, lakini wale wa chakula na mazoezi walipunguza kwa 58%. Hiyo namba ya mwisho naomba uishike sana mama. Dawa ilisaidia zaidi wenye umri mdogo, wenye uzito mkubwa sana na kina mama waliopata sukari wakiwa na mimba (wewe ulipata? waambie), na kwa wa miaka 60 kwenda juu haikufanya mengi.

Sasa kutembea kwako. Unatembea kweli, sibishi, na usiache. Lakini wale walikuwa na mwalimu wa kuwafuata mmoja mmoja, lengo lao dakika 150 kwa wiki na pia kupunguza uzito 7%, yaani kama una kilo 90 utoe kama 6 hivi. Beseni halitoi kilo kama ukifika sokoni unakunywa chai ya vijiko vitatu na mandazi mawili, halafu saa saba ugali umejaa sahani na samaki amekaa kando kama mgeni. Geuza hiyo sahani, mboga ya osuga au apoth ijaze nusu, ugali uwe wa ngumi moja. Hii anza leo hata kama hutaingia kwa utafiti.

Kuhusu panya, mzee hana makosa kuogopa na sitakuficha. Huo utafiti wa Marekani mwanzoni ulikuwa na dawa nyingine, troglitazone, ikaharibu ini, mshiriki mmoja akafa, wakaitoa 1998. Metformini si kama hiyo, imetumika tangu miaka ya hamsini na tunaijua vizuri: ni tumbo kusokota na kuendesha hasa wiki za mwanzo (na wewe choo cha sokoni unajua kiko wapi), ukikaa nayo miaka inaweza kushusha vitamini B12, na lazima figo zipimwe kwanza. Hata harufu yake nikuambie, fungua chupa unuse, inanukia samaki, labda wewe hutasikia tofauti!

Lakini pia mwambie mzee chanjo ya malaria iliyozinduliwa Homa Bay 2019 kabla ya hapo ilijaribiwa pia kwa watoto wa Siaya na Kombewa, majirani zetu hawa. Mtu hugeuzwa panya pale hajaelezwa. Nimeona fomu ikisomwa mbio kwa Kizungu halafu mama anaambiwa weka dole hapa, na hilo liliniuma sana. Kwa hivyo nenda na mzee, waambie wasome kwa Kijaluo ama Kiswahili, waonyeshe kibali cha kamati ya maadili na cha Bodi ya Famasia na Sumu, uulize nikiumia nani analipa matibabu, nauli ni ya nani, sukari ikipanda mtaniambia lini. Na unaweza kutoka siku yoyote bila kunyimwa matibabu yako ya kawaida. Mtu wa utafiti akikasirika kwa kuulizwa, beba beseni lako uende.

SWALI

Sista, mimi ni wa boda hapa Nakuru, nimepimwa nikapata 5.9 kabla ya kula. Mathe ako na sukari na ana metformini nyingi kwa nyumba, naweza kuwa nameza moja moja nijikinge?

JIBU

Hapana kijana wangu. Hujapimwa figo, hujapimwa tena hiyo sukari kuhakikisha, na namba moja ya siku moja haitoshi kuanza dawa. Rudi kliniki upimwe ile ya miezi mitatu, na kwa sasa punguza soda ya kila stage, na kwa vile unakaa kwa pikipiki siku mzima tafuta hata nusu saa ya kutembea jioni. Vidonge vya mathe viache pale, vimehesabiwa mpaka siku yake ya kurudi kliniki.