Timu ya sifa na timu ya uinjilisti, naomba tuongee

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Jumapili iliyopita nilikaa nyuma kabisa nikawa nawaangalia, timu ya sifa mmemaliza wimbo wa mwisho, mhubiri hajafungua hata Biblia, nyie tayari mko nje mnakunja nyaya. Na wale wa uinjilisti ndo kwanza wanaingia, sifa zimeisha, eti walikuwa kwenye maandalizi. Wadogo zangu nawapenda sana ila hili limeniuma, maana ni kosa letu sisi tuliowatangulia na nyie mmelipokea kama lilivyo.

1. Sifa sio za kuchangamsha watu wakati mhubiri anajiandaa. Someni Matendo 13, kanisa la Antiokia walikuwa wanamfanyia Bwana ibada na kufunga, hapohapo Roho Mtakatifu akasema nitengeeni Barnaba na Sauli. Safari ile yote ya Kipro mpaka kule Listra na Derbe ilianzia ibadani. Na nyie wainjilisti Mathayo 28:19 mnaijua usingizini, sasa rudini nyuma mistari miwili tu, 28:17, walipomwona walimsujudia, tena wengine wakiwa bado na shaka, ndipo wakatumwa.

2. Kwenye kila seti weka wimbo mmoja ambao mgeni anauelewa. 1 Wakorintho 14, Paulo anamuwaza kabisa yule asiyeamini aliyeingia katikati ya ibada.

3. Mabenchi ya nyuma. Hapa mnivumilie.

Miaka ile naongoza sifa tulikuwa na wiki nzima ya nyumba kwa nyumba, na kuna familia moja ya watu wa lugha nyingine kabisa walikubali kuja Jumapili. Kadi yao ya mwaliko niliiandika mwenyewe, saa nikaiandika kwa kalamu nyekundu wasichanganye. Tukawatengea mabenchi mawili ya nyuma, karibu na atakayewatafsiria. Sasa Jumapili asubuhi kwenye saundi cheki nikaona spika zimebanana, nikataka na kibodi ya pili, nikawaambia vijana toeni hayo mabenchi pangeni vyombo, wageni watajua pa kukaa. Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu.

Wakaja kweli, baba, mama na watoto watatu, wakasimama mlangoni, mhudumu akawaambia subirini kidogo tutafute viti. Mimi niko mbele nimefumba macho naimbisha mataifa yote yakusujudie, nikarudia kiitikio sijui mara ngapi kwa sababu uwepo ulikuwa mzito. Nilipofumbua macho mlango ulikuwa mtupu. Baada ya ibada mhudumu akanipa kadi, waliiacha juu ya kidirisha cha mlangoni, imekunjwa vizuri katikati, saa yangu nyekundu inaonekana. Jioni nikaenda kwao hawakufungua, wiki iliyofuata nikaambiwa wamehama. Sijawaona tena mpaka leo na bado nawaombea.

Miezi baadaye ndo nikasoma Marko 11:17 nikashindwa kuendelea. Yesu anawafukuza waliokuwa wakifanya biashara kwenye hekalu la Yerusalemu, anasema nyumba yangu itaitwa nyumba ya sala kwa mataifa yote. Mjue lile hekalu lilikuwa na ua wa nje, watu wa mataifa, yaani wasio Wayahudi, mwisho wao ni pale, kulikuwa na maandishi ya Kigiriki yanayomwonya mgeni kwamba akivuka atakufa, na jiwe moja lenye maandishi hayo lilipatikana Yerusalemu mwaka 1871. Kwa hiyo mgeni akitaka kumwomba Mungu wa Israeli sehemu yake ni huo ua tu, na wanaofundisha Biblia wengi wanasema meza za wavunja fedha na njiwa ziliwekwa humohumo. Vitu vya ibada, wapendwa! Njiwa walikuwa wa sadaka, na spika zangu zilikuwa za sifa.

4. Wainjilisti, ripoti isiishie kwenye idadi ya mikono iliyonyooshwa. Warumi 15:16 Paulo anaiita kazi ya injili ukuhani, na mataifa ndo sadaka yenyewe, yaani unamleta mtu aje aabudu. Kwenye Ufunuo 7:9 wale wa kila taifa na kabila na lugha wamesimama mbele ya kiti cha enzi, na huyo uliyemwombea barabarani umemwonyesha hata mlango wa kanisa? Fuatilieni watu jamani, namba ya simu sio ufuatiliaji.

5. Zaburi 67 na 96 zisomwe na timu zote mbili kwa pamoja. 117 ina mistari miwili tu, karirini.

Jumamosi saundi cheki saa tisa, wainjilisti nanyi mje tuombe wote. Kibodi ya pili itakaa mbele, ikikosa nafasi ibaki stoo, yale mabenchi mawili asiyaguse mtu.