Kuhusu hiyo sukari unayotaka kununua

Mwanangu,

Waalaykum salaam. Umeniuliza kama ununue ile manosi, sukari ya unga wanayoiuza mtandaoni ati inazuia maambukizi ya mkojo yasirudi. Nitafika huko. Lakini mwisho wa ujumbe umeongeza, "Na Mama, wallahi najisafisha, sijui nakosea wapi." Hayo ndiyo yaliyoninyima usingizi.

Hukosei popote. Mdudu huyu wa mkojo haletwi na uchafu. Anakaa kwa kushika, basi. Najua nishakwambia, nakwambia tena.

Mara nyingi ni bakteria aitwaye E. coli, zaidi ya robo tatu ya visa vya wanawake wazima wa afya. Anaishi matumboni mwa watu wote, imamu na utingo. Njia yetu ya mkojo ni fupi, sentimita 4 hivi, na imepakana na kule anakotoka yeye. Kuingia si kazi. Kazi ni kubaki, maana kibofu kinamwagwa mchana kutwa. Sasa yeye mwili mzima ana vinywele, wataalamu wanaviita fimbria, mamia kwa mamia, unene wa kimoja nanomita 7 tu. Nchani kuna protini inayoitwa FimH, na inachotafuta ni sukari ya manosi. Kuta za ndani za kibofu zimejaa manosi. Akigusa, ameshika. Mwaka 2002 watafiti wa Seattle wakaonyesha jambo lililonistaajabisha: mkondo ukiongezeka nguvu, FimH hukaza zaidi, kama fundo la kamba ya jahazi. Na kinywele chenyewe kimejiviringa. Kikivutwa kinafunguka kidogo kidogo, hakikatiki. Wengine hupenya hata ndani ya chembe hai za kibofu wakajificha humo, dawa ikiisha wakatoka tena. Huenda ndiyo sababu maradhi yako yanarudi, si kwa kuwa hujui kuchamba.

Shangazi yako mkubwa hakuyajua hayo. Wala mimi, nilipoolewa pale Kibokoni, sikuyajua. Nilipougua mara ya kwanza nilimwambia babako peke yake. Jioni nyumba nzima ilikuwa inajua. Siku ya pilau ya mtoto wa jirani, wanawake wamejaa uani wanachambua mchele, shangazi yako akasema kwa sauti, "Mwanamke safi hachomwi na mkojo." Wakacheka. Kesho yake nikakuta chooni nimetengewa ndoo yangu na kata yangu. Hakuna aliyesema ni yangu. Nilijua tu.

Babako husema alikuwa mtu wa kale, tusimhukumu. Haya. Lakini mtu wa kale haimaanishi mtu asiyejua aibu ni nini, na ile aibu aliijua barabara, ndiyo maana aliichagua. Basi, niache.

Nilipokwenda kusomea maabara, mwalimu wetu alitufanyia mchezo mmoja. Akaweka tone la hamira juu ya kioo, hamira hii hii ya mahamri, akaongeza tone la E. coli, akakitikisa taratibu. Maji yakaanza kushika madonge, unayaona kwa macho yako. Chembe za hamira zimevaa manosi kwa nje, na wadudu walikuwa wamezikamata. Akarudia, safari hii ametangulia kuwapa wadudu manosi. Hakuna donge hata moja. Vinywele vilikuwa vimeshajaa. Darasa zima likapiga makofi, mimi nikabaki nimekodoa macho nikimuwaza shangazi yako na bakuli lake la unga wa mahamri. Nilitamani ningemwita. Mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu.

Na mchezo huo ndio asili ya hiyo biashara unayoulizia. Itzhak Ofek na wenzake walionyesha mwaka 1977 kwamba manosi inamzuia E. coli asishike chembe za binadamu. Figo zetu zenyewe zina ujanja huo: zinatoa protini iitwayo uromodulini, imebeba manosi, mdudu anaishika hiyo akidhani amefika, akatoka nayo chooni. Kwa hiyo hoja ya wauzaji si ya kubuni. Ndiyo inanitia tabu. Ningependa nikwambie ni wezi, nilale.

Ila Uingereza waliijaribu kwa wanawake 598, gramu 2 kila siku kwa miezi 6, matokeo yakatoka 2024. Waliokunywa manosi, asilimia 51 waliugua tena. Waliopewa unga mwingine bila kujua, asilimia 55.7. Tofauti hiyo si ya kutolea pesa. Na maji, ambayo ningesema hayafui dafu mbele ya fundo lile? Utafiti wa 2018 uliwachukua wanawake 140 wenye mazoea ya kunywa kidogo, nusu yao wakaongezewa lita moja na nusu kwa siku, na kwa mwaka wakaugua kama nusu ya wenzao. Kwa hiyo maji yanafaa, kwa wasioyanywa. Wewe ofisini hunywi, nakujua.

Usininukuu kuwa nimekukataza kununua. Pesa ni zako.

Shangazi yako uzeeni ilimpata naye. Akaficha. Alificha mpaka homa ikapanda na ubavu ukamshika, wadudu wameshafika kwenye figo, ndipo akaniita mimi, si binti zake. Nilimpeleka hospitali, akatibiwa, akapona. Njiani kurudi akaniambia, "Maji ya visima hivi yana chumvi sana." Sikujibu. Kama ile ilikuwa kuomba radhi, Mungu ndiye ajuaye. Babako anasema ilikuwa. Mimi bado nafikiri.

Kesho asubuhi peleka mkojo maabara, useme uoteshwe, yaani wamkuze mdudu wajue dawa inayomuua, usimeze dawa yoyote kabla, maana mmemaliza dawa za kubahatisha hapo mtaani kwenu. Ukipata homa au ubavu ukiuma, usingoje majibu, nenda hospitali. Majibu yakitoka nipigie picha ya karatasi yote, usinikatie pembeni kama ile ya mwezi jana.

Mamako