Soko la ng'ombe likifungwa: serikali inatoa nini, na anapata nani

Kila karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo inapotangazwa, watu huku Kigumba, wilayani Kiryandongo, huniuliza swali lile lile: serikali itatufidia lini? Jibu langu huwakera, ila afadhali mtu akereke mapema. Hapa Uganda hakuna mfuko unaomlipa mfugaji tofauti ya bei soko linapofungwa. Ng'ombe uliyemwekea bei ya milioni mbili ukamtoa kwa milioni moja na kitu, hasara hiyo ni yako. Kilichopo ni chanjo, mikopo nafuu na ruzuku ya bima, na vyote vitatu humfikia zaidi yule ambaye jina lake lilikuwa kwenye karatasi kabla ugonjwa haujaingia.

Kwa wasiolijua eneo letu: ng'ombe wengi wa Kiryandongo huishia Kampala, na barabara yetu ni ile ya Kafu, Nakasongola, Luwero, Bombo. Ugonjwa wa miguu na midomo ukiingia Nakasongola, sisi tunaumia hata kama zizini kwako hakuna ng'ombe hata mmoja anayetoka udenda. Ndivyo ilivyokuwa mwishoni mwa 2023 na kuendelea 2024. Wilaya nyingi za ukanda wa ng'ombe zilifungwa, kuanzia Isingiro na Kiruhura hadi Nakaseke na Nakasongola. Minada ikasimama, wanunuzi wa Kampala wakaacha kupiga simu. Ng'ombe mkubwa kwa kawaida hafi kwa ugonjwa huu, wanaokufa ni ndama. Lakini maziwa hukatika, na muhula wa shule hauahirishwi kwa sababu mnada umefungwa.

Nianze na chanjo. Kinga yake hudumu kama miezi sita, na ndiyo sababu mwaka 2024 serikali ilitangaza mpango wa kuchanja mara mbili kwa mwaka, mfugaji akichangia gharama. Kelele zilipigwa, maana tulizoea kupata bure. Mimi niko upande wa kulipa. Ile ya bure mara nyingi ilifika ugonjwa ukiwa umeshapita kijiji kizima. Kitu kimoja tu: usinunue kichupa cha mtu anayepita na boda. Virusi hivi vina aina kadhaa, na chanjo ya aina moja haikingi nyingine. Tena chanjo iliyokaa juani bila barafu haina kazi yoyote.

Daktari wa mifugo wa sabukaunti, yaani tarafa ndani ya wilaya, huomba na kugawa dozi kwa hesabu aliyo nayo. Sensa ya mifugo ya 2021 ilipata ng'ombe milioni 14.5 nchi nzima, na dozi zinazoletwa hazijawahi kuwatosha. Ukijificha kwenye hesabu, umejiondoa kwenye foleni. Najua kwa nini watu hujificha: wengine wanaogopa kodi, wengine wezi, na wazee wetu wengi hawapendi mifugo ihesabiwe hadharani. Mzee jirani yangu aliniambia, "Mwanangu, ng'ombe nikiwataja idadi nitawaona wakipukutika." Sikubishana naye. Nilimwomba aandike kwenye karatasi, aikunje, amkabidhi daktari mwenyewe bila kutamka. Akakubali, na chanjo ilipokuja jina lake lilikuwamo.

Sasa pesa. Mpango wa Maendeleo ya Parishi, ambao kila mtu anauita PDM, ulizinduliwa Kibuku mwezi Februari 2022. Kila parishi, yaani eneo la utawala lenye vijiji kadhaa, hupangiwa shilingi milioni 100 kwa mwaka, na kaya hukopeshwa milioni moja kwa riba ya 6% kwa mwaka. Huipati peke yako: lazima uwe ndani ya kikundi cha shughuli unayoifanya, na kikundi kiwe mwanachama wa SACCO, chama cha akiba na mikopo, ya parishi. Hapo ndipo wengi hukwama. Karantini inatangazwa leo, kesho mtu anakimbia kwa chifu wa parishi kutafuta kikundi, anakuta orodha imefungwa na zamu ijayo haijulikani. Jiunge wakati soko liko wazi na hakuna anayekusukuma. Kitambulisho cha taifa kiwe na jina lile lile lililo kwenye laini yako ya simu. Nimeona mama mmoja akizungushwa sana kwa sababu ya herufi moja tu. Na mtu akikuambia utoe "kitu kidogo" ili jina lipande juu, usitoe. Fomu hailipiwi, na mkopo ni wa kurudisha wote, pamoja na hicho alichokula yeye.

PDM imelengwa kwa kaya zinazolima na kufuga kwa ajili ya tumbo tu. Mwenye ng'ombe arobaini anaambiwa yeye si maskini. Akienda benki anaulizwa hati ya ardhi, na sisi wengi tunakaa kwenye ardhi ya kimila au kibanja, yaani ardhi ambayo hati yake ni ya mtu mwingine. Huyu wa katikati ndiye anayeumia zaidi mnada ukifungwa, na ndiye asiyezungumziwa. Kwake kuna ule mkopo wa kilimo unaosimamiwa na Benki Kuu kupitia benki za kawaida tangu 2009, unaojulikana kama ACF. Riba yake haizidi 12% kwa mwaka, na muda wa kulipa unaweza kufika miaka minane. Lipo fungu la wakopaji wadogo, hadi milioni 20, ambalo halilazimishi hati ya ardhi. Benki inaweza kuangalia mapato yako na mali nyingine uliyo nayo.

Ukifika kaunta, taja ACF kwa jina. Usipoitaja, mara nyingi utapewa mkopo wa kawaida wenye riba ya kawaida. Beba daftari la maziwa lenye sahihi ya mnunuzi, risiti za mnada, taarifa ya pesa za simu, na barua ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji. Daftari la miezi mingi lina nguvu kuliko maelezo ya mdomo, hata uwe msemaji kiasi gani. Ila jua kwamba ACF haikusudiwi kulipia deni la zamani wala kununua ardhi. Kama umeshajifunga kwa mkopeshaji wa mtaani, mlango huu hautakutoa huko.

Bima nitaigusa tu. Tangu 2016 serikali huchangia malipo ya bima ya kilimo na mifugo: 50% kwa mfugaji mdogo, 30% kwa mkubwa, na 80% kwenye maeneo yenye hatari zaidi. Inalipa ng'ombe aliyekufa, si bei iliyoanguka, na hakuna wakala atakayemwandikisha ng'ombe aliyekwisha kuugua. Kwa ng'ombe wa maziwa wa gharama kubwa inafaa. Kwa kundi la kienyeji linalozurura porini, mimi binafsi sijaona hesabu yake.

Ukishapata pesa, usinunue ng'ombe wakati wa karantini, hata kama bei imeanguka na mate yanakutoka. Huwezi kumhamisha kihalali, na hujui ametoka kundi gani. Tumia pesa kuwaweka ulio nao hai na wanene: maji, majani ya kuhifadhi, dawa ya kupe, uzio wa kuwatenga wageni. Mwenye ng'ombe mwenye nyama wakati mnada unafunguliwa ndiye anayepanga bei.

Na usiuze usiku. Mnunuzi wa usiku anajua huna kibali cha kusafirisha ng'ombe, kwa hiyo bei anapanga yeye, na gari likikamatwa njiani jina linalotajwa ni lako. Kama ada ya shule imekubana, nenda ukaongee na mwalimu mkuu, au uza mbuzi mmoja ndani ya kijiji ikiwa daktari ameruhusu.

Karantini ikiondolewa, acha mnada wa kwanza upite. Kila mtu hukimbilia siku hiyo akiwa na madeni mfukoni, na wanunuzi wanalijua hilo. Tumia wiki hiyo kumfuata afisa mifugo kwa ajili ya kibali, kisha peleka wachache kwenye mnada wa pili au wa tatu.