Kampuni ya sola inataka mahitaji ya umeme ya mwalo wetu, tuanzie wapi?

Swali: Injinia, habari. Mimi ni sekretari wa kamati ya mwalo, yaani kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, kwenye kisiwa kimoja upande wa Kalangala, Uganda, nyumba kama 120. Kampuni ya sola ilikuja, mkutano ukaitwa, wote wakanyosha mikono kwamba wanataka umeme. Sasa wanataka tuwapelekee mahitaji yetu wapime mtambo. Tunayaandikaje, na watu tuwahusishe vipi?

Jibu: Sekretari ndugu yangu, nimefurahi umeuliza kabla nguzo hazijasimama. Ile mikono ya mkutanoni iweke pembeni. Mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na wageni nani atasema hataki umeme? Mtambo unapimwa kwa saa, yaani nani anawasha nini, saa ngapi na kwa muda gani.

Chukua hizo nyumba 120. Balbu nne za wati 5 zikiwaka saa tano, ongeza na simu, ni wati-saa 120 kila nyumba, mwalo mzima kama yuniti (kilowati-saa) 14 kwa siku. Nusu wakiwa na TV ya wati 40 kwa saa nne, ongeza karibu 10. Friza kumi za samaki weka 12, mashine ya kusaga ya kilowati 7.5 ikifanya kazi saa tatu ni 22 na nusu. Jumla kama 58, na kwa jua letu, ukitoa kinachopotea kwenye betri na waya, ni paneli za kilowati 15 au 16 hivi. Sasa hapo ndipo watu wanahitajika kweli, maana ile mashine ikisaga kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana inakula jua moja kwa moja, lakini ikisaga usiku zile yuniti 22 zote lazima zipite kwanza kwenye betri, na betri ndiyo inapandisha bei. Tena mota ikianza inavuta mkondo mara tano mpaka saba ya kawaida, kama inveta, ile mashine ya kugeuza umeme wa sola na betri uwe wa kawaida, ni ndogo na hakuna kifaa cha kuiwasha polepole mwalo wote unazima. Injinia wa Kampala hawezi kuwapangia wamama saa ya kusaga, hiyo mnakubaliana nyinyi na mwenye mashine, halafu mnampa maandishi.

Kitu kingine ni mwezi wa angani. Wiki za giza mabaria, wale wavuvi wa kwenye boti, wako ziwani na taa wanavua mukene, yaani dagaa, pesa ipo na betri za taa zinataka kuchajiwa mchana. Mwezi ukiwa mkubwa mukene hawakusanyiki kwenye taa, boti zinalala, watu wako nyumbani na TV lakini mfukoni hamna kitu. Ukiuliza wiki moja tu unapata nusu ya habari, kwa hiyo ulizeni wiki zote mbili.

Na msiulize wote pamoja. Wamama wanaokausha mukene wakae peke yao, mabaria peke yao, wapangaji peke yao, kwa sababu mpangaji hawezi kulipia waya kwenye chumba kisicho chake na mbele ya mwenye nyumba hatasema. Hapo ndipo mtajua kama mnahitaji redibodi, ile ya balbu na soketi pamoja, ambayo akihama anahama nayo. Swali la "utalipa ngapi" liacheni, linaleta majibu ya kupendeza tu, ulizeni wiki iliyopita alitumia ngapi kwa mishumaa, petroli ya jenereta, ile shilingi 500 ya kuchaji simu.

Haya yote yaishe kabla kampuni haijapeleka bei ERA, mamlaka ya Uganda inayosimamia umeme, maana bei ikishapitishwa kuibadilisha ni kazi. Waambie wasome hesabu yao barazani, kwa Kiswahili na Kiganda, bei ya yuniti na saa za mashine zikiwemo, na mama yeyote akisema hiyo saa hawezi, hesabu irudi mezani kabla hamjasaini.