Jibu: Kubadili fani ya ubingwa Marekani na pesa za Medicare

Salaam daktari. Kama nimekuelewa, umemaliza miaka 2 ya tiba ya familia huko Marekani, unataka kuhamia upasuaji, na umeambiwa pesa zako za Medicare (bima ya afya ya serikali ya Marekani, ambayo pia huzilipa hospitali kwa kufundisha madaktari) "zitakwisha". Wamekueleza upande mmoja tu.

Muda unaolipiwa kikamilifu huwekwa na fani uliyoanza nayo. Tiba ya familia ni miaka 3. Ukiupita, kwenye malipo ya moja kwa moja (mishahara ya wanafunzi, walimu) unahesabiwa nusu mtu. Lile fungu jingine, la kufidia gharama za ziada za hospitali ya kufundishia, halipunguzwi, na kitaifa ndilo kubwa zaidi.

Kwanza uliza ofisi ya mafunzo kama hospitali imeshavuka kikomo chake cha madaktari wanafunzi wanaolipiwa na Medicare. Sheria ya 1997 ilizifungia nyingi kwenye idadi ya 1996. Iliyovuka inamlipa mtu wa ziada kutoka mfukoni mwake hata hivyo, kwa hiyo hoja ya nusu inapungua nguvu. Programu zenye nafasi katika hospitali za wanajeshi wastaafu pia zijaribu, nafasi hizo hulipiwa na mfuko tofauti.

Mimi nilipohama, waliniuliza zaidi barua ya mkurugenzi wangu wa awali kuliko pesa. Iombe mapema.