Kabla hujabeba parachichi kwenda wodini

Mtu wa Tukuyu, huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, haendi kumjulia hali mgonjwa mikono mitupu. Kapu litakuwa na ndizi, maparachichi na pengine chupa ya mtindi. Kwa mtoto aliyevunjika mguu, hapo hakuna tatizo. Kwa mtoto ambaye figo zake zimeshindwa kazi, kapu hilohilo ni hatari. Ndizi na parachichi vina potasiamu nyingi, figo mbovu haziwezi kuitoa, na ikijaa kwenye damu huvuruga mapigo ya moyo. Mtoto anaomba, mgeni anamenya kwa upendo, muuguzi hana habari.

Kwa hiyo mpigie mama yake kabla hujatoka nyumbani. Muulize daktari amemkataza mtoto kitu gani, kisha muulize jana alikula nini kikatulia tumboni. Swali la pili ndilo litakalokupa jibu la kubeba.

Mtoto wa saratani anayepata dawa kwa dripu mara nyingi huota vidonda mdomoni. Chungwa, ndimu, chipsi zenye chumvi na uji wa moto vyote vitamchoma. Mpelekee uji laini uliopikwa asubuhi hiyohiyo, uubebe kwenye chupa ya chai, uuache upoe kikombeni mpaka uwe vuguvugu. Hapa parachichi linarudi: lioshe ganda kwa maji safi kabla ya kulikata, liponde, mpe vijiko vitatu vinne. Asipotaka, usimlazimishe. Mtindi wa maziwa yasiyochemshwa, kachumbari na kiporo viache nyumbani, maana dawa zile hushusha kinga ya mwili na tumbo dogo la kuharisha linaweza kuwa jambo kubwa. Mwenye mafua naye asiende, hata akiwa shangazi wa damu. Apige simu. Wengine mnawe kwa sabuni sekunde 20 kabla ya kumgusa, na mnawe tena mkishashika simu zenu.

Juni na Julai, baridi ya huku kwetu ni adui wa mtoto mwenye seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Inabana mishipa, damu inapita kwa shida, maumivu yanaanza. Soksi nzito zitamfaa kuliko biskuti. Ukinunua sweta, chagua la vifungo mbele lenye mikono mipana. La kuvaa kwa kupitisha kichwani halipiti kirahisi penye kanula, kile kibomba cha dawa kilichochomekwa kwenye mshipa. Litavuta sindano, mtoto atalia, nalo litarudi kwenye mfuko lisivaliwe tena. Anahitaji pia kunywa maji mara kwa mara, na asubuhi ya Makete au Mufindi maji ya baridi hayanyweki, basi mwekee ya vuguvugu kwenye chupa ya chai. Akiwa kwenye maumivu usimkandekande bila kumuuliza, na usimwekee barafu kamwe. Homa ikifika 38 akiwa nyumbani, ni hospitali saa hiyohiyo. Hapo hakuna kusubiri kuche.

Kwa mtoto aliyenyonyoka nywele, kofia ni zawadi nzuri sana, ila sufu tupu inawasha kichwa kitupu. Pima mzunguko wa kichwa kwa kamba, juu kidogo ya masikio, ufume kofia pungufu ya kipimo kwa sentimita 2 au 3 kwa kuwa uzi hutanuka. Ndani shonea kitambaa cha khanga kuukuu iliyolainika kwa kufuliwa, mishono ielekee nje. Ifue, uianike juani mpaka ikauke kabisa, ndipo umpelekee.

Mwanasesere wa manyoya hukusanya vumbi. Gari la plastiki linaoshwa. Karanga na bisi usimpe aliye chini ya miaka mitano, hupalia.

Ukifika, kaa chini macho yenu yalingane, msalimie mtoto kwa jina lake kabla ya wakubwa. "Jamani umekonda!" ni neno linalobaki naye usiku kucha. Muulize kama anataka mchore picha pamoja au ukae naye tu. Dakika 15 zinatosha. Ukimwambia utarudi Jumamosi, rudi Jumamosi, maana ataihesabu. Na usimpige picha ya kuweka kwenye status, hata kama mama amekubali kwa aibu ya kukukatalia.

Damu pia ni zawadi, hasa kwa watoto wa saratani na seli mundu. Mwenye miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50, akiwa na afya njema, anaweza kuchangia: mwanaume kila miezi mitatu, mwanamke kila miezi minne. Chembe sahani, zile zinazozuia mtoto asivuje damu, hukaa siku tano tu baada ya kutolewa, ndiyo maana wingi wa wachangiaji wa siku moja hausaidii wiki zinazofuata.

Mama aliyepewa rufaa kwenda hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ana zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya mjini. Ukimtumia pesa kwa simu, weka na ya kutolea. Sabuni ya kufulia, ndala na khanga ya pili atavitumia kila siku. Lakini akiondoka Desemba, kilichobaki nyuma ni shamba. Mahindi hutaka palizi ya kwanza wiki mbili tatu baada ya kuota, nayo magugu hayamsubiri mtu aliye wodini. Watu wanne wenye majembe wanamaliza ekari kwa siku chache. Mpigie mumwambie mmeshapalilia, na watoto waliobaki wamekula kwa nani.