Maji ya jakuzi yanayorudi kuwa na ukungu: mimi niliponywa na kipimo cha usiku

Ndugu uliyeuliza, hali unayoieleza, ya maji kung'aa siku moja baada ya kutiwa klorini kisha kurudi kuwa meupe kana kwamba yamesuuziwa sabuni, niliishi nayo kwa karibu miezi miwili, na kosa langu lilikuwa kuongeza dawa juu ya dawa kabla ya kujua nilikuwa nikipambana na nini.

Kilichonifumbua macho ni kipimo rahisi. Jioni, watu wote walipokwisha kutoka, nilipima klorini huru, yaani ile ambayo bado haijatumika, nikapata miligramu 5 kwa lita. Nikafunika, na asubuhi nikakuta karibu sifuri, ingawa hakuna aliyeingia majini. Ni kawaida klorini kupungua kidogo usiku, lakini ikiisha kabisa chini ya kifuniko, basi kuna kinachoila. pH yangu, yaani kipimo cha uasidi wa maji, ilikuwa 7.4, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kuishuku. Yako ikiwa imepita 7.8, irekebishe kwanza, kwa sababu hapo klorini hudhoofika, na kalsiamu iliyoyeyuka katika maji ya moto huanza kujitenga na kuyatia weupe.

Mlaji kwangu alikuwa utando wa bakteria uliojijenga ndani ya mabomba, mahali ambapo brashi haifiki na ambapo klorini huua tabaka la juu tu. Nilitoa chujio, nikatia dawa ya kusafishia mabomba katika yale maji ya zamani, nikafungua matundu yote ya kurushia maji na kuziacha pampu zizungushe kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Povu la kahawia lililopanda lilinitia kinyaa, hasa nilipokumbuka kwamba tulikuwa tukioga humo. Nilizima umeme, nikamwaga maji, nikafuta beseni, nikajaza upya, kisha nikarudia kazi yote tangu mwanzo, kwa kuwa mara ya kwanza haikutosha.

Chujio nalo lilikuwa na lawama zake. Kwa muda mrefu nililisuuza kwa mpira wa maji nikidhani ni safi, kumbe mafuta ya mwili na losheni hayatoki kwa maji matupu. Liloweke usiku kucha katika dawa ya kuyeyushia mafuta iliyotengenezwa kwa ajili ya machujio, na usitumie sabuni ya vyombo, maana utavuna povu kwa wiki nzima. Dawa ya kung'arisha maji, ambayo hukusanya chembe ndogo ili chujio lizinase, sikushauri uianze mapema, itakufichia ugonjwa.

Jambo jingine: ikiwa unatumia klorini ya unga aina ya dikloro, kila miligramu 10 za klorini huru unazotia kwa njia hiyo huacha takribani miligramu 9 za asidi ya sianuriki, ambayo ikirundikana huifanya klorini ifanye kazi polepole, na njia ya kawaida ya kuiondoa ni kumwaga maji. Mimi sasa hubadilisha maji yote kila baada ya miezi mitatu.

Ukimaliza kujaza, rudia kile kipimo cha usiku kabla ya kumruhusu mtu kuingia. Changu, baada ya usafishaji wa pili, kilianza na 5 jioni, na asubuhi nikakuta 4.